Karavia: Nilinunua majibu ya mtihani, kisha mama mmoja akaniuliza swali

Kila juma ninawaletea habari za mitaa yetu: maji, barabara, bei ya unga sokoni. Leo ninaomba nafasi ya kuwaletea habari yangu mwenyewe, kwa sababu vijana wengi mumeniuliza swali moja kwenye simu ya redio: "Yaya, ule mtihani ya komputa unasomaka, tununue kitabu gani?"

Nitajibu. Lakini kwanza munisikilize nilivyopoteza dola 42.

Mimi nilimaliza sekondari, kisha nikafuata mafunzo ya uandishi wa habari. Kompyuta sikuisomea popote. Ila katika redio ndogo, anayejua kuwasha mashine ndiye fundi wa mashine, na mimi ndiye niliyejua kuiwasha. Kompyuta yetu ni moja. Ndani yake mna sauti zote tunazorekodi: mama aliyesimulia namna alivyotoka Goma mwezi wa kwanza 2025, baba aliyekimbia na watoto kutoka upande wa Pweto, vijana wanaotafuta ndugu waliopotezana nao njiani. Kando ya kila sauti tunaandika jina, namba ya simu na avenue anayokaa mtu. Siku moja tulichomeka kle ya mgeni, virusi vikala faili za juma nzima. Faili tulizirekodi tena. Lakini usiku ule sikulala. Kama virusi viliweza kuingia, mtu naye angeweza. Na kati ya wale waliotuamini na majina yao, kuna wenye kuogopa kutafutwa.

Ndipo nikaamua kusoma usalama wa kompyuta toka chini. Nikauliza wenye kujua, wakanitajia mtihani wa kuanzia unaojulikana inchi nyingi: Security+, wa shirika la Marekani liitwalo CompTIA. Ukiushinda unapewa cheti cha miaka 3. Nikaona ya kwamba nikiwa na mtihani mbele yangu nitasoma kwa utaratibu, siyo kuokota neno hapa na neno pale.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kitabu. Nilikikuta mjini kwa mwenye kuuza vitabu vya mkono wa pili kando ya barabara. Kilikuwa kinene, cha Kiingereza, na jina la mtihani kwenye jalada kwa herufi kubwa. Nikalipa dola 12 na furaha. Sikuangalia namba ndogo iliyoandikwa chini ya jina: SY0-501. Mtihani huu hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na kila mara unapewa namba mpya. Ule wa 501 ulifungwa mwaka 2021. Ukafuata 601, nao ukafungwa mwezi wa 7 mwaka 2024. Unaofanywa tangu mwezi wa 11 mwaka 2023 ni SY0-701. Nilikuwa nimenunua ramani ya barabara ambayo imekwisha kufungwa.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi, kwa sababu nilijua ndani ya moyo ya kwamba siyo njia ya haki. Kijana mmoja aliniuzia kle kwa dola 30. "Humu mna maswali 600 ya kweli na majibu yake," akasema. "Ukiyashika kichwani, umeshinda." Nikayashika. Asubuhi kabla ya kazi, jioni umeme ukiwepo, na usiku kwa mwanga wa simu umeme ukiwa hakuna. Baada ya juma sita ningeweza kukusomea swali la 214 nikiwa nimefumba macho: mtu anapiga simu akijifanya mfanyakazi wa benki, anaomba namba ya siri, hila hii inaitwaje? Jibu ni C.

Jumatatu moja mama mmoja wa jamaa zilizohama akaja redioni, simu mkononi, kitambaa cha kichwa kimelegea. Alikuwa ametembea kwa miguu.

"Papa, balinipigia simu," akasema. "Banasema njo bale benye kutupatia feza. Balijua jina yangu, balijua na siku ya kugawa. Banasema nitume kode ile imeingia ku simu, juu feza ikuye mbio. Nikatuma. Sasa feza yote imeisha. Wewe njo unasomaka mambo ya komputa. Nifanye je?"

Nilimtazama. Kichwani mwangu kulikuwa na neno moja tu: C. Nilijua jina la hila aliyofanyiwa, kwa Kiingereza. Sikujua nimwambie afanye nini.

Nikamsindikiza hadi kwenye kabine iliyo karibu na redio. Binti anayeuza inite pale, ambaye hajawahi kusikia jina la mtihani wangu, ndiye aliyemsaidia. Alipiga namba ya huduma ya kampuni ya simu palepale, akaomba akaunti ifungwe. Akamwonyesha mama namna ya kuweka namba ya siri mpya. Akamwambia apite nyumba kwa nyumba kuwaonya wenzake walio kwenye orodha moja naye, kwa sababu aliyempigia atawapigia na wao. Feza iliyokwenda haikurudi. Ila akaunti ilikuwa imefungwa kabla ya mgao uliofuata kuingia.

Usiku ule nilichukua ile kle na nyingine aliyoniazima rafiki, iliyotoka kwa muuzaji mwingine. Nikalinganisha. Swali lilelile, neno kwa neno, katika kle moja jibu ni B, katika nyingine ni D. Hakuna aliyeeleza kwa nini. Nikafuta zote mbili.

Sasa nije kwenye swali lenu.

Munaponiuliza tununue kitabu gani, ninajibu: musianze na kitabu, muanze na orodha. Mwenye mtihani mwenyewe hutangaza bure, kwenye tovuti yake, karatasi inayotaja kila jambo linaloweza kuulizwa. Nilienda sibere, nikaichapa kwa feza kidogo kuliko bei ya kitabu chochote. Ndani yake nikaona sehemu 5 na uzito wa kila moja: mawazo ya msingi asilimia 12, vitisho, udhaifu na namna ya kuupunguza, 22, ujenzi wa mifumo, 18, kazi za usalama za kila siku, 28, usimamizi, sheria na hatari, 20. Mimi nilikuwa nimetumia juma sita kushika majina ya hila. Sehemu kubwa kuliko zote, ile ya kazi za kila siku, ndiyo inayouliza jambo lilelile aliloniuliza mama: limekwisha kutokea, tufanye nini?

Orodha hiyo ikawa mizani yangu. Kila kitabu, kila video, kila masomo ya mtandaoni, ninachukua mistari 3 ya orodha na kutafuta namna yanavyoielezea. Kisha ninafunga kitabu na kujiuliza: naweza kumweleza mama yule jambo hili kwa Kiswahili, naye akajua la kufanya? Kama siwezi, kitabu hicho siyo changu, hata kama bei ni ndogo na jalada ni zuri. Mimi na wenzangu wa redio tunaita hiyo kipimo cha mama.

Kwa mizani hiyo nilibaki na vifaa vichache, na uchache huo umenisaidia. Kiongozi wangu ni masomo ya video ya Mmarekani James Messer, anayejulikana kama Professor Messer. Ni bure, ni zaidi ya video 100 fupi, na zinafuata orodha ya 701 mstari kwa mstari. Kwa sisi wenye kununua mega kidogo kidogo, ufupi ni faida: ninapakua chache kwa wakati mmoja, kisha ninazisikiliza njiani. Mimi mtu wa redio, sikio langu linasoma vizuri kuliko jicho.

Kitabu nilichochagua ni kimoja, cha Mike Chapple na David Seidl, kilichotolewa na Sybex, chapa ya 701. Sikichagui kwa sababu ni kinene. Ninakipenda kwa sababu mwisho wa kila sura kuna maswali ya kujipima, na nyuma ya kitabu majibu yanaeleza kwa nini hili ni sawa na kwa nini yale mengine siyo. Hiyo ndiyo tofauti kati ya maswali ya kujifunzia na maswali ya wizi. Ya kwanza yanakuonyesha njia ya kufikia jibu, ya pili yanakupa herufi.

Kuhusu yale ya wizi, muelewe pia ya kwamba mwenye mtihani anayakataza waziwazi. Akigundua uliyatumia, anaweza kufuta cheti chako na kukuzuia kurudi kwenye mtihani. Bei ya kuingia mtihanini mara moja inapita dola 400. Kwa jamaa nyingi za hapa, hiyo ni feza ya miezi mingi. Usiiweke juu ya kle ya dola 30.

Tena mtihani wenyewe haukubali kushika kichwani tu. Una maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na unahitaji alama 750 kwenye kipimo cha 100 hadi 900. Baadhi ya maswali ni ya kutenda: unapewa mchoro wa mtandao na kuambiwa upange ukuta wa moto, ule unaochuja kinachoingia na kinachotoka, au unapewa kumbukumbu za mashine utafute iliyoambukizwa. Kwa hiyo kati ya vifaa vyako lazima kiwemo kimoja cha kufanyia mazoezi ya mikono. Mimi ninatumia Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuchora na kujaribu mitandao kwenye skrini. Ukijiandikisha kwenye masomo yao ya Networking Academy unaipata bure.

Kuna jambo moja ambalo hakuna mtu wa Marekani atakayekuandikia: lugha. Sisi tulisoma shule kwa Kifaransa, nyumbani tunasema Kiswahili, na mtihani nitaufanya kwa Kiingereza. Nilinunua daftari la mwanafunzi, nikapiga mistari nikapata safu 3. Neno la Kiingereza kushoto, la Kifaransa katikati, la Kiswahili kulia. Kwa ule ujumbe wa uongo unaotumwa ili mtu atoe siri zake, Kifaransa kinasema hameçonnage, kuvua kwa ndoano. Upande wa kulia nikaandika: chambo. Tangu siku hiyo nikisema redioni "musimeze chambo", hata watoto wanaelewa. Safu ya kulia ndiyo inayonichukua muda mwingi kuliko zote. Nisipopata neno la kuijaza, ninajua bado sijaelewa, ninarudi kwenye video.

Hivyo ndivyo nilivyolielewa somo la kwanza kabisa, ambalo katika kle lilikuwa swali la herufi tu. Usalama wa habari unasimama juu ya mambo 3: usiri, yaani asiyehusika asione, uzima, yaani asiyeruhusiwa asibadilishe, na upatikanaji, yaani anayehitaji aipate wakati wake. Nilipokuwa najaza safu ya kulia nilitafuta mfano wa hapa kwetu, nikakumbuka orodha ya jamaa zinazopewa msaada. Ilikuwa imebandikwa ukutani, jina, namba ya simu na siku ya kugawa, ili kila mtu aone kama yumo. Upatikanaji ulikuwepo. Usiri haukuwepo hata kidogo. Yule aliyempigia mama simu hakuwa mchawi wala mtaalamu wa kompyuta. Inawezekana kabisa alisimama mbele ya ukuta kama sisi wote, akasoma.

Nilienda kumwona mzee anayesimamia orodha ile. Sikumwendea na lawama, nilimwendea na daftari langu. Akasikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akachukua kalamu nyeusi akafuta safu nzima ya namba za simu. "Kumbe ni vile," akasema. "Jina inatosha, kila mutu anajijua." Nami nikarudi redioni kufanya kazi yangu mwenyewe: majina na namba za waliotupa sauti nikaziondoa kando ya sauti, nikaziweka katika faili iliyofungwa kwa neno la siri, na nakala yake nyingine nje ya mashine. Kle za wageni hatuchomeki tena kabla ya kuzipima virusi. Hakuna hata moja kati ya mambo hayo linalohitaji cheti. Lakini nisingeyafanya kama ningebaki na maswali yangu 600.

Vitabu vya kigeni vina pengo jingine. Vinapofika kwenye sheria, vinataja za Ulaya na Marekani. Muzisome, kwa sababu zinaulizwa. Ila kando yake muweke sheria yetu: Code du numérique, Ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayosema juu ya habari za watu binafsi na makosa yanayofanywa kwa njia ya dijitali. Iko kwa Kifaransa, kwa hiyo hapo angalau hatuhitaji safu ya kushoto.

Sasa neno kwa vijana wa jamaa zilizohama, kwa sababu ninyi ndio munaoniuliza zaidi. Kama feza ni shida, musikimbilie Security+. Muanze na masomo ya utangulizi ya usalama wa mtandao ya Cisco Networking Academy, ni bure. Kisha muangalie cheti kiitwacho Certified in Cybersecurity cha shirika la ISC2. Hakidai uzoefu wowote wa kazi. Mwaka 2022 shirika hilo lilitangaza kuwapa watu milioni 1 mafunzo na mtihani huo bure. Muhakikishe kwenye tovuti yao masharti ya siku munayojiandikisha, na mujue ya kwamba baada ya kushinda kuna ada ya kila mwaka, dola 50. Bure ina mlango wa nyuma, muuone kabla ya kuingia.

Na kabla ya kutoa hata franka moja ya vifaa, angalieni mambo 2. La kwanza: mtihani utaufanyia wapi? Kuna vituo vya mtihani, na Security+ inaweza pia kufanywa nyumbani mbele ya kamera. Lakini hapo unahitaji chumba kitupu na kimya, na mtandao usiokatika. Kila mtu anajua umeme wa avenue yake. La pili ni karatasi. Siku ya mtihani wanataka kitambulisho cha serkali ambacho hakijaisha muda, chenye picha, na jina lifanane na lile uliloandikisha. Sisi tuna jina, postnom na prénom. Uandike kama kitambulisho kinavyosema. Ninajua wengi wenu muliondoka usiku bila karatasi. Kwenu ninyi, kifaa cha kwanza cha kutafuta siyo kitabu, ni kitambulisho. Kinachukua muda, muanze leo, na masomo yaendelee pembeni.

Mimi mtihani wangu bado. Feza ninaiweka kidogo kidogo, na kila Jumapili ninajipima kwa maswali ambayo sijawahi kuyaona. Siku nitakayoingia nitawaambia, na matokeo nitayatangaza, yawe mazuri ao mabaya.

Juma lililopita mama yule alipita tena redioni. Walimpigia simu mara ya pili, namba nyingine, sauti ileile. Alicheka akinieleza: "Niliwaambia, kode hapana. Bale ba kweli habaombake kode." Kisha akaniuliza kama mjukuu wake anaweza kuja kuangalia daftari langu. Nikamwambia aje na daftari lake na kalamu. Safu ya kulia ataijaza yeye mwenyewe.

Ni mimi, mwandishi wenu wa Karavia. Tusikilizane juma lijalo.